Kwa Hesabu Hii, Nazi Inaua Tembo

Nimefundisha hesabu sekondari mpaka vumbi la chaki likanikaa kifuani, na katika kazi hiyo nimekutana na waongo wa kila namna. Wapo wanafunzi walionakili majibu ya jirani pamoja na jina la jirani. Wapo wazazi walioapa mbele ya mkuu wa shule kwamba karo walishalipa. Alikuwapo mhasibu mmoja ambaye alijumlisha kwa kuanzia kwenye jibu. Wote hao nimewasamehe. Namba za risasi za kuwindia wanyama wakubwa sizisamehe ng'o.

Zimeletwa nyumbani kwangu na shemeji, mdogo wake mke wangu. Ni mtu wa Kondoa aliyehamia hapa Arusha zamani, akaendesha magari ya kampuni za uwindaji wa kitalii huko Rungwa na Maswa, na sasa ameingiwa na wazo la kuwa mwindaji bingwa. Ubingwa huu si wa kujisifu kijiweni. Ni cheo kilichomo kwenye sheria, chenye mtihani na leseni yake, na mwenye nacho ndiye anayesimama kando ya mgeni, bunduki mkononi, nyati anapoamua kuja. Kwa hiyo shemeji anahitaji bunduki. Na bunduki, nimefundishwa kwenye kibaraza changu mwenyewe, haichaguliwi. Kinachochaguliwa ni risasi, bunduki inafuata nyuma, maana chemba na mtutu vinachongwa kwa risasi ya aina moja tu.

Hapo nilielewa vizuri na ningefurahi kuachwa hapo. Badala yake kila Jumamosi jioni wanakuja watatu. Anakuja shemeji. Anakuja mzee mmoja mfuata nyayo, mstaafu, ambaye maisha yake yote ametangulia mbele ya wageni wenye silaha akiwa na fimbo tu mkononi. Na anakuja kijana wa mjini ambaye hajalala porini hata usiku mmoja lakini amesoma kila kilichoandikwa duniani kuhusu risasi. Wanakunywa chai yangu, wanamaliza vitumbua, na wanabishana namba.

Tuanze na .375, kwa kuwa hiyo angalau ina adabu. Nukta iliyotangulia si pambo, ni sehemu ya inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo kichwa cha risasi hiyo kina unene wa milimita tisa na nusu na kidogo juu. Ukikipima unapata .375. Nikaandika kwenye daftari nikaweka tiki.

Inayofuata ni .404 Jeffery, ya Waingereza. Nikaandika .404. Kijana akacheka. Hapana mwalimu, hiyo ukiipima ni .423. Nikafuta. Vipi .270 ya Wamarekani? Hiyo ni .277. Na .303, ile ya jeshi la Mwingereza, waliyobeba babu zetu askari wa KAR? Hiyo ni .311, kwa sababu waliopima walipima tundu la mtutu kabla mifereji yake haijachongwa, na kichwa cha risasi sharti kijaze mifereji. Sawa, nikasema, basi tuna kanuni: kila moja huongezeka kidogo. Hapana mwalimu, .416 Rigby ni .416 kamili. Na .450 ya zamani na .458 ya sasa zote mbili ni .458. Na .275 Rigby ni ileile 7x57 ya Mjerumani, yenye .284, ila duka la London liliona afadhali kuwauzia mabwana kwa jina lisilonuka Mauser.

Nikauliza habari ya .30-06. Nilikwisha kubashiri: .30 ni unene, 06 itakuwa pembe fulani, au kipeo. Ni mwaka. Jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1906, wakaona tarehe nayo iwemo kwenye kipimo. Na .30-30 je, nayo ni mwaka? La, 30 ya pili ni uzito wa baruti. Mwanafunzi wa kidato cha pili angeniletea jedwali la namna hiyo, angemwagilia miche ya shule mpaka muhula uishe.

Yapo mabaya zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwingereza alipiga marufuku risasi za .450 huko India na Sudan. Hofu yake ilikuwa bunduki za zamani za Martini-Henry, za kaliba hiyohiyo, zilizokuwa mikononi mwa waasi: hakutaka mizigo ya wawindaji iwe ghala lao. Mafundi wa bunduki hawakulia wala hawakuandika barua kwa malkia wala mfalme. Walikaa mezani wakaongeza unywele hapa, wakapunguza unywele pale, zikatoka .465, .470, .475 na .476, zote za kazi ileile, zote zikimpata tembo palepale. Sheria imetiiwa na duka halikufungwa. Katika kundi hilo ndimo .470 ilipopatia jina, na leo wenye bunduki za mitutu miwili wanaitaja kwa sauti ya msikitini. Mwenye duka mtaani kwetu anayeuza "kilo" ya sukari kwa mizani yake mwenyewe ana ujanja uleule, lakini yeye hajawahi kuchorewa nakshi ya dhahabu ubavuni.

Kisha kijana akaleta kanuni.

Niseme wazi kwamba mimi napenda kanuni. Kanuni ikiletwa mezani naweka kikombe chini. Hii ilitoka kwa John Taylor, mwindaji aliyezunguka sana Msumbiji na kujulikana kwa jina la Pondoro, ambaye mwaka 1948 alitoa kitabu kuhusu bunduki na risasi za Afrika. Alitaka kupima nguvu ya kuangusha. Chukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (greni moja haifiki hata gramu 0.07), zidisha kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde, zidisha kwa unene wake wa inchi, halafu gawanya kwa 7,000, ambazo ni greni za ratili moja. Risasi ya .375 yenye greni 300 ikienda futi 2,550 inapata 41. Ile .470 ya greni 500 kwa futi 2,150 inapata 73. Na .30-06 ya greni 180 kwa futi 2,700 inapata 21. Kijana alizisoma polepole, mzee akitikisa kichwa kwa kila jibu, shemeji akiandika.

Nikaomba kalamu.

Uzito kuzidisha mwendo, sina ugomvi, fizikia inakitambua kitu hicho. Lakini ukikizidisha tena kwa unene, ukaandika vizio vyake kwa uaminifu kama nilivyofundisha watoto wa watu, unapata vizio vya kupimia kitu kinachozunguka. Tairi. Pia. Feni ya darini. Sasa risasi nayo inazunguka, ni kweli, ila bwana Pondoro hakuwa akipima mzunguko. Niliwaeleza hivyo, wakanitazama kwa huruma. Basi nikachukua nazi.

Mimi ni mtu wa Pangani, nazi naijua. Tuchukue nazi na kumbi lake, kilo 1.4, iliyochoka kukaa juu ya mnazi wa mita 15. Upepo tuuache. Inafika chini kwa mwendo wa mita 17 kwa sekunde, yaani futi 56. Uzito wake ni greni 21,600. Unene ni sentimita 20, ambazo ni inchi 7.9. Zidisha zote, gawanya kwa 7,000. Jibu ni 1,365.

Nilipiga mstari chini ya jibu, mara mbili, kwa rula. Zaidi ya mara 18 ya .470. Kwa hesabu hii, mwenye shida na tembo hahitaji bunduki ya London wala leseni. Amwegeshe chini ya mnazi, asubiri msimu. Na kwa kuwa mke wangu alikuwa hapo akimenya machungwa, nikapiga na chungwa: gramu 200, limerushwa na mtoto mtundu kwa mita 15 kwa sekunde, unene sentimita saba. Likapata 60. Chungwa linaishinda .375 kwa pointi 19. Shemeji aliliangalia lililokuwa mkononi mwake kwa heshima ambayo sijawahi kupewa mimi.

Haki ya marehemu Taylor ni lazima itolewe. Yeye mwenyewe aliitoa kanuni kwa jambo moja dogo: tembo amepigwa kichwani, risasi imeukosa ubongo kidogo, je, atazimia au atabaki amesimama na hasira zake? Waliokuja baadaye ndio walioitwaa na kumpimia kila mnyama, kuanzia swala pala. Tena ukitaka kuivunja huhitaji nazi. Yupo Bell, Mskoti aliyetafuta pembe huko Karamoja, Uganda, mpaka akabandikwa jina la Karamojo. Aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa ile 7x57 ndogo, ambayo kwa kanuni ya Taylor inapata 16 tu, robo ya chungwa langu. Siri yake haikuwamo kwenye ganda. Alikata fuvu la tembo kwa msumeno, akaona ubongo umekaa wapi, akajua aelekeze wapi kwa kila pembe aliyosimama. Hilo nalo ni somo la jiometri, nikasema, na nilikuwa tayari kuanza kuchora. Mzee akanikata. Akasema tembo wa siku zile walikuwa hawajazoea kelele, walikuwa wanasimama tu wakishangaa. Huyu mzee hukutana na ukweli akaupisha njia.

Cha kunichosha zaidi ni kwamba kwetu mjadala ulipaswa kuzikwa siku nyingi. Kwa wanyama hatari kama nyati na tembo, Tanzania inataka risasi isiyopungua .375. Imekwisha. Lakini shemeji kwa muda mrefu alikuwa akiitamani 9.3x62, na hadithi yake, nakiri, inauma kidogo. Fundi Otto Bock wa Berlin aliitengeneza mwaka 1905 kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa makoloni ya Ujerumani, na kubwa kuliko yote Afrika lilikuwa hili tunalokaa. Iliingia kwenye Mauser ya kawaida, ya bei ya mtu mwenye shamba la mkonge na madeni, si ya lodi mwenye kasri. Imeangusha nyati kwa zaidi ya karne. Sasa ipime: .366. Imekosa .375 kwa chini ya robo ya milimita.

Risasi iliyoundwa kwa ajili ya nchi hii haimtoshi nyati wa nchi hii, alilalamika shemeji, kwa robo ya milimita! Alitaka nimwonee huruma. Alikosea mtu. Pasi ni 30, aliyepata 29 amefeli, nimewafelisha wana wa wakubwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo na nikalala usingizi mwororo.

Mzee yeye ni wa .458. Kila mfuata nyayo wa rika lake aliwahi kufanya kazi na mwindaji bingwa mwenye .458, na sababu si ngumu. Winchester waliitoa mwaka 1956, wakati bunduki za mitutu miwili zilikuwa zimeshakuwa mali ya urithi, ikaingia kwenye bunduki ya kawaida ya mtutu mmoja na bei ya kawaida. Greni 500, unene wa kutosha, kazi kwisha. Kijana, ambaye hawezi kumwachia mtu furaha yake, akamkumbusha ugonjwa wake wa zamani: ganda fupi, baruti ikashindiliwa sana ili itoshe, ikikaa muda mrefu inashikana kuwa kitonge, na kitonge hakiungui vizuri. Risasi inatoka imechoka. Ugonjwa huo ulikuja kutibiwa. Mzee alikasirika kana kwamba amesemwa mkewe. Kisha, baada ya kitumbua kingine, akasema ndiyo, iko siku risasi ilimtoka bosi wake ikalia pwaa, nyati akageuka kuangalia ni nani anayecheza. Yeye mzee alikuwa mbele, na fimbo yake. Nilimuuliza alifanya nini. Akasema kulikuwa na mti.

Mambo ya ganda na baruti ndiyo pekee niliyoyasikiliza kwa hiari. Baruti ya zamani ya Waingereza, kodaiti, haikupenda joto. Risasi iliyotulia Uingereza, ukiiacha juani Tabora, presha yake inapanda, ganda linavimba na kunata ndani ya chemba, na hapo una fimbo ya bei mbaya mbele ya mnyama aliyejeruhiwa. Waliofikiri vizuri walitengeneza ganda kubwa kuliko baruti ilivyohitaji, presha ikashuka. Hivyo ndivyo ilivyofanywa .416 Rigby, mwaka 1911. Mwaka uliofuata Holland & Holland wakaitoa .375, yenye ganda refu lenye mteremko kama... sitaki kufananisha na kitu, mteremko ni mteremko, una kiwango chake. Linaingia kwenye chemba bila kubembelezwa na linatoka bila kuvutwa. Zaidi ya miaka 100 baadaye baruti imebadilika, joto halijabadilika, na .375 bado ipo. Kwa mtu mwenye akili huo ungetosha kuwa ushahidi. Lakini wageni wa shemeji hawaji kutafuta ushahidi, wanakuja kutafuta chai.

Kuhusu teke la bunduki, watatu hao wanakubaliana kwamba wao halijawahi kuwaumiza. Ajabu ya Mungu. Bunduki za uzito wa karibu sawa, .375 inapiga teke mara mbili ya .30-06, na .458 mara tatu. Zipo za juu zaidi, ambazo nadhani zilibuniwa na daktari wa mifupa aliyekosa wateja. Shemeji anasimulia mgeni mmoja aliyeshuka Maswa na kubwa lao, mpya, imetoka dukani na harufu yake. Siku ya kwanza alipojaribu shabaha alipiga risasi moja, akasema inatosha, anaiamini. Siku ya pili wakamkuta nyati dume peke yake, hatua 60, amesimama ubavu kama anayepigwa picha ya pasipoti. Mgeni alifumba macho kabla hajafyatua. Risasi ikapita juu ya mgongo ikaangusha tawi la mninga, bunduki ikarudi nyuma, na darubini aliyokuwa ameisogelea mno ikampasua juu ya nyusi. Mkato wa nusu duara, shemeji anasema, safi kabisa. Nilimuuliza kipenyo chake. Hakukipima. Nyati alikwenda zake, na mgeni alirudi kambini na plasta akiwaeleza wote kwamba tatizo lilikuwa kaliba: angekuja na kubwa zaidi.

Theodore Roosevelt alikuwa na ufumbuzi wake. Alipoacha urais tu, mwaka 1909, alishuka Mombasa na bunduki za kila daraja: Springfield ya .30 kwa wanyama wa kawaida, Winchester ya .405 aliyoipenda sana kwa simba, na ya mitutu miwili ya Holland & Holland kwa wale wenye ngozi nene. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Mtu wa namna hiyo hachagui risasi, anaibadilisha kama anavyobadilisha kofia. Shemeji hana hata ya kwanza.

Tukaingia kwenye vichwa laini na vichwa vigumu, na hapo jioni ikafa. Kichwa laini kinapanuka kikiingia, kinafanya uharibifu ndani na mara nyingi kinabaki humohumo. Kigumu hakibadiliki umbo, kinapita kwenye mifupa na kuendelea na safari. Kwa nyati aliye katikati ya kundi wengi huanza na laini, ili risasi isitokee upande wa pili ikampata ndugu yake, kisha ngumu zinafuata, kwa kuwa risasi ya pili mara nyingi humkuta ameshageuka, na kuna mita nzima ya tumbo lililojaa majani kabla hujaufikia moyo. Maelezo haya yalikuwa mazuri. Lakini mzee akaleta hoja ya kisu. Yeye anataka mnyama aanguke, awe bado na uhai, apate kumuwahi na kumchinja, la sivyo nyama haimpiti kooni. Shemeji akamwambia Bismillahi ikisomwa wakati wa kufyatua inatosha. Mzee akauliza Bismillahi ya nani, ya mgeni wa Texas? Tulikaa kimya. Kijana alifungua simu yake kutafuta jibu na mke wangu akamwambia aifunge.

Mke wangu ndiye, kwa maoni yangu, aliyetoa mchango wa kisomi kuliko wote, ingawa sikuufurahia. Kijana alikuwa akieleza habari za Hemingway, yule mwandishi wa Marekani aliyewinda Tanganyika mwaka 1933 na 1934, akaja kuandika hadithi fupi kuhusu Francis Macomber, iliyotoka mwaka 1936. Mle ndani mwindaji bingwa anabeba .505 Gibbs, kitu cha kutisha. Mume, mteja, ana .30-06. Nyati aliyejeruhiwa anawajia, wanaume wanampiga kwa bunduki zao, na mke aliyeko garini anachukua 6.5 Mannlicher, nyembamba kuliko zote zilizowahi kutajwa kwenye kibaraza changu, anafyatua kumwelekea nyati, na kumpata mume wake nyuma ya kichwa. Hapo ndipo hadithi inapoishia kwa upande wa mume.

Mke wangu alikuwa akikusanya vikombe. Akasema, "Kumbe sita na nusu inatosha."

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Hatimaye amechagua. Baada ya kanuni, nazi, Mjerumani na Mskoti, amechagua .375, ile ambayo sheria ilimchagulia kabla hajazaliwa mtoto wake wa kwanza, na sababu aliyoitoa ni kwamba kuna mwindaji mmoja anayestaafu anauza yake kwa bei ya kuelewana, ikiwa na maboksi matatu ya risasi. Mtu huyohuyo alikuwa na .470 ya mitutu miwili. Shemeji aliishika, akaipakata, akauliza bei ya risasi moja. Risasi moja ya .470 inanunua mfuko wa saruji na chenji inabaki. Aliirudisha kwa mikono miwili.

Kibali bado hakijatoka, karatasi zinapanda na kushuka ngazi. Na shemeji, ambaye amekubali sasa kwamba kulenga kunazidi kaliba, hataki kusubiri. Anafanya mazoezi na dekio. Anasimama mlangoni mwa jikoni, mpini begani, na mimi natakiwa nitokee nyuma ya kochi nikiwa nyati. Nilimpigia hesabu, kosa la kazi yangu: nyati anaweza kukimbia kilomita 55 kwa saa, ambazo ni mita 15 kwa sekunde, kwa hiyo akitokea mita 30 una sekunde mbili na hakuna nyongeza. Sebule yangu ina mita tano. Inabidi niivuke kwa theluthi ya sekunde, na goti langu la kushoto halijaafiki.

Jana alinipata begani kabla sijaifikia meza ya televisheni. Akashusha dekio, akasikitika. "Shemeji, unakuja polepole mno. Na nyati hashiki kiuno." Nilikuwa nataka kumjibu kuhusu msuguano wa zulia, mke wangu akatoka jikoni, akamnyang'anya bunduki, akaichovya kwenye ndoo. Akatuambia tukae tuinue miguu. Tukainua, mwindaji bingwa na nyati wake, kwenye kochi moja, akadeki chini yetu.